Paa la Mfano

Saa tatu kasoro asubuhi nilikuwa juu ya paa langu na spana mkononi, nazikaza paneli zitazame kaskazini vizuri, maana mwezi wa sita jua la kwetu linahamia upande huo. Ndipo Mama Sayi alipoanza kunifokea kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Baba Milembe! Shuka huko! Shuka kabla sijapanda mimi!"

"Ukipanda wewe, Mama Sayi, paa litashuka lenyewe."

Siku nyingine angenirudishia papo hapo, tena kwa riba. Tuna miaka kumi na tisa ya kutupiana maneno juu ya ukuta ule, na mara nyingi mimi ndiye ninayeingia ndani nimeshindwa. Siku hiyo hakurudisha kitu.

"Umeme wa Bundala umekatwa," alisema.

Nikashuka bila kutafuta ngazi.

Bundala ni mumewe. Alichimba dhahabu miaka ishirini na miwili kwenye mashimo ya watu, bila barakoa, na vumbi la mawe likahamia mapafuni mwake na kukataa kuhama. Anapumua kwa mashine ya oksijeni, boksi kubwa kama ndoo ya lita ishirini, inayokoroma sebuleni kwao kutwa kucha. Mtaa mzima tumezoea mkoromo ule. Nilisimama ukutani nikatega sikio. Nikasikia kuku tu.

Sebuleni mzee alikuwa ameegemezwa mito, mpira puani, mashine ikila betri yake ya dharura kimyakimya. Namba kwenye kioo ilisema imebaki saa moja na dakika hamsini. Ukutani juu ya televisheni Mwangalizi alikuwa amewasha taa ya njano. Kila nyumba ina wake: kiboksi cheupe kinachohesabu kila tone la mwanga linaloingia kwenye paneli zako, kikalilinganisha na la majirani, kisha kikakusemesha kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri.

"Habari za asubuhi, familia ya Bundala," kilisema tena, kwa mara ya sijui ngapi. "Paa lenu limechoka. Tumelipumzisha kwa siku saba. Asanteni kwa kushiriki jua."

"Limechoka na nini?" Mama Sayi alikiuliza. "Lilikuwa linalima?"

Kina adabu kwelikweli, ila hakina masikio kwa mambo kama hayo.

"Nakwenda kuangalia juu," nikasema.

* * *

Nilipofika juu ya paa lake nilitaka kulia, halafu nikataka kupiga mtu.

Paneli sita, zote zimefunikwa viazi. Vipande vyeupe, vimekatwa kwa upana mmoja, vimepangwa kwa ustadi kama vigae vya msikitini. Michembe. Akiba ya viazi vikavu ya mpaka mwezi wa pili, juu ya mtambo wa kufua umeme.

"Mama Sayi!" Nilipaza sauti mpaka njiwa wakaruka. "Umekaushia michembe kwenye sola?"

"Siku tatu tu!" Alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni. "Viazi vimeiva vyote kwa mpigo mwaka huu, nivifanye nini, nivivalishe nguo?"

"Ungeanika chini!"

"Chini kuna mbuzi, kuku na vumbi la malori ya pamba. Huko juu kuna kioo cha moto, kisafi, kimeinama vizuri maji yatiririke. Kama aliyekitengeneza hakutaka michembe, mbona amekipa umbo la kichanja?"

Nikamweleza kwa hasira, huku nazoa vipande kwa mikono miwili. Paneli zake zimeungwa kwa mstari mmoja. Ni kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani: mmoja akiwa na mkono mbovu, foleni nzima inakwenda kwa mwendo wake. Huhitaji kufunika paneli sita. Ukifunika kona ya moja tu, umewavunja mikono wote.

"Na kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilijua utaanika chakula juu ya umeme?"

"Wewe ndiye fundi mwenye diploma. Mimi ndiye mwenye viazi."

Nikamaliza kuzoa, nikafuta wanga kwa shati langu mwenyewe, nikamwambia Mwangalizi kwamba paa ni safi na apime upya. Akapima. Akasema paa linapendeza sana na angelifungua baada ya siku saba.

Msomaji atauliza kwa nini sikung'oa waya nikaunga paneli moja kwa moja kwenye mashine. Nilijaribu. Ndani ya kila paneli kuna kufuli dogo kuliko punje ya mtama, na Mwangalizi akishafunga, ukiitoa kwenye waya wake inabaki kuwa kioo cha kujitazamia. Jua lilikuwa linawaka vile, kilowati mbili zinaingia kwenye paa la mgonjwa, zote zinapitia ukutani kwake bila kumsalimia na kwenda kwenye vinu vya pamba vya Nurusawa, shirika lenye hao Waangalizi. Maana paa likipumzishwa, halipumziki. Linafanya kazi kwa mtu mwingine.

Nikarusha waya juu ya ukuta kutoka nyumbani kwangu. Mashine ikakoroma. Tukashangilia kama watu waliofunga goli. Tulishangilia dakika sita.

"Baba Milembe," Mwangalizi wangu akaita kutoka ndani kwangu, kwa sauti ileile ya binti, "mashine ya oksijeni haimo kwenye orodha ya vifaa vya nyumba yako. Nimezima soketi hiyo. Kwa usalama wako."

"Kwa usalama wangu!" Nilitukana tusi moja ambalo marehemu mama yangu alinikataza tangu darasa la tatu.

Mama Sayi alikuwa ameshapiga simu zahanati. Mashine mbili wanazo, zote zina watoto wachanga. Gari la wagonjwa la wilaya lingefika saa tisa alasiri. Nikatazama kioo. Saa moja na dakika sita. Mzee Bundala alinifuata kwa macho tu; maneno alikuwa anayabania.

* * *

Afisa wa Nurusawa anayeshughulikia kata yetu yuko Dodoma, anaitwa Namsifu. Tumezungumza kwa simu mara nyingi, binti mpole, hucheka vichekesho vyangu hata vile visivyochekesha. Nilimpigia nikiwa nimekaa kwenye mkono wa kochi la mgonjwa.

"Mfungulie mzee wa watu, Namsifu."

"Shikamoo, Baba Milembe."

"Marahaba. Mfungulie."

"Siwezi, baba. Mfumo hauna kitufe cha huruma. Mwanzoni kilikuwepo, watu wakawa wanakibonyeza."

"Ndiyo kazi yake! Kitufe ni cha kubonyezwa!"

Akashusha sauti. "Wewe una leseni. Jaza fomu ya kipimo kibovu. Andika mita yake ilikuwa inasoma vibaya siku hizi tatu. Nitaipitisha mwenyewe sasa hivi, mama atapata umeme ndani ya dakika mbili."

"Mita yake ni nzima."

"Najua. Unataka umeme au unataka ukweli?"

Nilifungua fomu kwenye simu. Fomu inataka uambatanishe grafu mbili, ya paa la mlalamikaji na ya paa la mfano la kata, ili zilinganishwe. Kila kata ina paa la mfano. Ndilo paa bora, na wengine wote tunapimwa kwa hilo: ukiwa chini ya asilimia themanini yake kwa wastani wa mwezi, unaingia kwenye foleni ya kupumzishwa. Mapaa kumi kwa wakati mmoja, si zaidi; likitoka moja linaingia linalofuata. Paa la mfano lenyewe halipumzishwi kamwe, na umeme wake wote ni wa mwenye nyumba.

Katika kata yetu paa la mfano ni langu.

Nikaziweka grafu mbili pamoja. Siku za michembe, paa la Mama Sayi lilikuwa limelala chini kama nyoka aliyekanyagwa, sawa. Lakini nikarudi nyuma. Wiki iliyopita, hakuna kiazi hata kimoja, paneli safi, anga jeupe, alikuwa kwenye asilimia themanini na moja. Mwezi uliopita, themanini na mbili. Mwanamke huyu alikuwa anatembea ukingoni mwa shimo mwaka mzima, na hakuwa na kosa lolote.

Grafu yangu ilipanda asubuhi kama mlima wa kawaida, halafu saa nne ikatoa nundu. Nundu nzuri, ya ng'ombe aliyenona, mpaka saa saba. Asilimia mia na kumi na mbili. Yaani paneli zangu zilikuwa zinatoa umeme mwingi kuliko ulioandikwa mgongoni mwao kiwandani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza inawezekanaje.

Mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Nundu ile naijua. Ilianza mwezi wa sita mwaka jana, wiki ambayo Mama Sayi aliezeka jiko lake bati jipya linalong'aa. Jiko lake liko kaskazini mwa nyumba yangu, chini kidogo, na bati limeinamia kwangu. Jua likipiga pale, linarukia kwenye paneli zangu. Nilikuwa na majua mawili: moja la Mungu, na moja la jiko la jirani. Na kata nzima, nyumba mia nne na kitu, ilikuwa inapimwa kwa mtu mwenye majua mawili.

Nilijua. Niliandika na kufuta barua ya kuwaambia Nurusawa, mara mbili. Lakini walikuwa wameshanipa fulana na cheti, watu wakaanza kuniita Fundi Jua, na kwenye chumba cha nyuma mashine yangu ya kutotolesha vifaranga ilikuwa inakunywa umeme usio na mwisho. Nikajiambia nundu si kosa langu, bati sikuezeka mimi.

Kioo cha mashine kilisema dakika arobaini na nne.

Nikajaza uongo. *Mita ya familia ya Bundala, kipimo kibovu.* Nikatia saini. Hata dakika mbili hazikufika, taa ya njano ikageuka kijani, mashine ikakohoa, ikaanza kukoroma.

Mama Sayi alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kanga. "Mungu akuzidishie, Baba Milembe," alisema. "Akuzidishie na watoto wako."

Nilisimama niondoke haraka.

Sikufika mlangoni.

"Habari za asubuhi, familia ya Gindu," sauti ya binti ikasikika kutoka nyumba ya tatu, dirisha wazi. "Paa lenu limechoka."

* * *

Gindu ni kinyozi. Alitokea barabarani na mashine ya kunyolea mkononi, imezimika, waya wake mrefu ukiburuta kutoka saluni, na nyuma yake mteja, jibaba moja dereva wa lori la pamba, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, shuka la saluni shingoni.

"Fundi!" Gindu aliniona kupitia mlango wa Mama Sayi. "Limechoka vipi? Jana lilikuwa zima! Nimefanya nini mimi?"

"Mimi nitaendesha hivi mpaka Tabora?" dereva akauliza. "Fundi, nitazame. Nitazame vizuri!"

Nilimtazama. Siku yoyote nyingine ya maisha yangu ningecheka mpaka nikae chini. Badala yake hasira ilinipanda kutoka miguuni. Niliona wazi jinsi ilivyo: sikumtoa mtu yeyote shimoni. Nilimtoa Bundala na kumtumbukiza Gindu, na kesho nikimtoa Gindu itakuwa zamu ya mwingine, na foleni ile haitaisha maana mwanzo wake uko juu ya paa langu.

Nikampigia Namsifu tena. Nikaweka sauti ya wote wasikie. Sijui kwa nini, labda nilijua kwamba nikiwa peke yangu nitapunguza maneno.

"Futa ile fomu," nikasema. "Mita ya Bundala ni nzima. Kibovu ni paa la mfano."

"Baba Milembe, subiri—"

"Linapokea mwanga wa bati la jirani. Saa nne mpaka saa saba, kila siku, tangu mwezi wa sita mwaka jana. Andika."

Namsifu akasema polepole, "Baba, hilo ni tamko chini ya leseni. Ukishalisema siwezi kulifuta. Na fomu ya kwanza itaonekana ni ya uongo."

"Ni ya uongo kweli. Na nyinyi huko Dodoma mlikuwa mnatazama asilimia mia na kumi na mbili mwaka mzima. Hakuna aliyejiuliza?"

"Tulijiuliza," alisema. "Vinu vilikuwa vinahitaji umeme."

"Basi andika na hilo!" Nilikuwa napiga kelele sasa, mate yananitoka. "Andika kwamba mlijiuliza!"

"La kwenu nitaandika," Namsifu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka ghafla. "La kwetu mwandike nyinyi. Wengi. Kwa majina."

Mwangalizi hana roho mbaya. Hana roho kabisa, na kwa mara ya kwanza hilo lilitusaidia. Aliposomewa kosa hakuona aibu wala hakuomba muda wa kutafakari. Akalitupa paa langu, akachukua linalofuata kuwa la mfano, akapiga hesabu upya ya mwaka mzima. Taa ya Bundala ikabaki ya kijani: kwa kipimo kipya, hata siku tatu za michembe hazikuushusha wastani wake wa mwezi chini ya themanini. Nikasikia mashine ya Gindu ikilia mkononi mwake, waya bado umechomekwa ndani, dereva akaruka. Kutoka nyumba baada ya nyumba sauti ya binti ikawa inasema neno ambalo sikuwahi kuisikia ikisema: "Samahani. Paa lenu halikuchoka."

Halafu kwangu: "Baba Milembe, paa lako limepumzishwa kwa siku tisini. Leseni yako imesimamishwa." Kwenye chumba cha nyuma mashine ya vifaranga ikazimika. Mayai mia mbili, yamebakiza siku nne kuanguliwa. Sikwenda kuyatazama.

Kwenye simu yangu ikaingia orodha. Mapaa yaliyopumzishwa kwa makosa: sitini na tatu. Baadhi mara moja, baadhi mara tano.

Mama Sayi alikuwa ameshaondoa kanga usoni.

"Tangu mwezi wa sita mwaka jana," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua, Mama Sayi."

"Na ulipanda juu ya paa langu leo ukanifokea kwa ajili ya viazi."

Mzee Bundala akasogeza mpira puani kwa kidole. Aliniita kwa jina langu, na alihitaji pumzi tatu kuimaliza sentensi. "Kwa hiyo, Nkwabi, leo mimi… ningekufa… kwa sababu ya bati la jiko langu?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, na Mama Sayi akamshika mgongo, mwenyewe hakucheka hata kidogo. Alisubiri kikohozi kipite. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, kwa Gindu, kwa dereva, kwa barabara nzima.

"Nenda kawaambie," alisema. "Nyumba kwa nyumba. Usitume ujumbe, usimtume mtu. Mdomo wako mwenyewe, huo unaochekesha watu. Na kwangu usipite tena leo."

* * *

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Nyamizi, nyumba ya bluu karibu na tangi la maji. Alipumzishwa mara tano. Mwaka jana alikuwa anauza maziwa ya mgando, ana majokofu mawili. Baada ya mara ya tatu akayauza yote. Aliniita wakati ule nimsaidie kujua kwa nini paa lake linachoka. Nilipanda, nikapima, nikaona kila kitu ni kizima. Nikamwambia hazisugui paneli zake vya kutosha.

Ana miaka sitini na minne.

Nilimkuta juu ya ngazi, kanga imefungwa kiunoni, mkono mmoja umeshika ukingo wa paa na mwingine unasugua kwa nguvu zote. Hakuwa amesikia kitu. Mwangalizi wake alikuwa anaongea ndani peke yake. Aliposikia hodi yangu aligeuka, akanitambua, na uso wote ukafunguka.

"Karibu, Fundi Jua!" aliniita kutoka juu. "Njoo uone. Leo nimezisugua mara mbili, kama ulivyonifundisha."